Jina Lililo Kwenye Kifuniko cha Oili

Juma hili nataka tuzungumze habari ya oili ya magari. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi, wao hawakufungua redio wafundishwe gereji. Lakini hebu hesabu ni watu wangapi wanakula kwa injini moja ya gari la abiria: mwenye gari, dereva, kondakta, fundi, na watoto wao wote. Injini ikinoki, ni nyumba kadhaa zinazoyumba.

Hivi karibuni nilisimama Chumbi, kule Rufiji, kusini ya mto. Zamani ukienda upande ule ulisubiri kivuko pale Ndundu. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na lami ikafuata mpaka Somanga, magari ya Lindi na Mtwara yanapita hapo usiku na mchana. Kwenye duka moja la kando ya barabara, ambalo oili inakaa rafu moja na sabuni na sukari, dereva wa Noah alikuwa akibishana na mwenye duka. Alitaka oili ya jina fulani, nayo haikuwepo. Akapewa nyingine, akaikataa katakata. "Mjapani mwenyewe kaichagulia gari hii oili yake. Ukiitia nyingine umeiua." Mwenye duka akamjibu, "Kaka, oili ni oili tu."

Kwa maoni yangu wote wawili walikosea, na kosa la kila mmoja lina gharama yake.

Tuanze na huyo Mjapani. Toyota haina mtambo wa kusafisha mafuta. Oili inayouzwa kwenye makopo yenye jina la Toyota hutengenezwa na makampuni ya mafuta kwa mkataba. Kwa mfano, kule Marekani ExxonMobil imekuwa ikiifanya kazi hiyo. Wahandisi wa kiwanda cha magari ndio huanza: wanaandika masharti ya oili wanayoitaka, kisha injini inafungwa kwenye meza ya majaribio na kuungurumishwa mamia ya saa. Baadaye inafunguliwa. Wanapima chuma kimelika kiasi gani, tope limeganda wapi, pistoni zimeungua vipi. Oili ikishindwa, haiendelei.

Zikishapatikana zilizofaulu, nazo si moja, wahandisi wanakaa pembeni na wanunuzi wanaingia. Hapo panaulizwa bei ya lita, nani ataleta kwa malori ya matangi bila kuchelewa, nani anauza katika nchi zote ambako magari yatakwenda. Na muuza mafuta hajali sana zile lita nne za kwanza. Yeye anatafuta jina lake liandikwe kwenye kitabu cha gari na kwenye kifuniko cha oili, ili kila atakayefungua boneti kwa miaka 15 ijayo alione. Kwa hiyo yuko tayari kukiuzia kiwanda kwa bei ya chini sana.

Mnataka ushahidi? Kwa miaka mingi magari ya BMW yalitoka kiwandani na maneno ya kupendekeza Castrol. Mwaka 2015 mkataba ukahamia kwa Shell. Je, chuma cha injini zile kilibadilika siku hiyo? La hasha. Kilichobadilika ni saini. Porsche nayo imeshikamana na Mobil 1 tangu mwaka 1996, na magari yake ni mazuri, lakini hata hapo huwezi kusema hakuna oili nyingine duniani inayoyafaa. Wamarekani walikwisha liona jambo hili mapema: tangu mwaka 1975 sheria yao inamkataza mtengenezaji kumlazimisha mteja kutumia oili ya jina moja ili asipoteze waranti, isipokuwa akimpa bure. Sisi tunaonunua gari likiwa limeshatumika na watu wawili watatu, waranti tunaisikia tu.

Sasa mwenye duka. Oili si oili tu. Injini haijui kusoma jina, lakini unene inaujua. Ile namba kabla ya herufi W inaeleza oili inavyopita wakati wa baridi, na sote tunajua Chumbi hapajawahi kuganda kitu. Namba ya pili ndiyo yetu: unene wake injini ikishapata moto. Vigari kama IST vina mfumo wa VVT-i, ambao huendeshwa kwa oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba. Ukilishindilia 20W-50 nzito kwa sababu injini ya lori la mjomba wako inaipenda, unalitesa. Kisha kuna herufi mbili za API: inayoanza na S ni ya petroli, inayoanza na C ni ya dizeli, na kwa petroli kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo ya kisasa. SP ni ya mwaka 2020. SF ni ya enzi za Datsun.

Gari lako limekuja na kitabu cha Kijapani? Hata mimi Kijapani sikijui, lakini tarakimu ni zilezile. Tafuta 5W-30 au 0W-20, utaiona, na mara nyingi utakuta jedwali linaloruhusu zaidi ya moja kufuatana na joto la mahali.

Na vijana wa bodaboda, msidhani nimewasahau. Pikipiki nyingi zenu, oili ya injini ndiyo hiyohiyo inayoilowesha klachi. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya utelezi, na klachi ikiteleza mtapanda mlima mkiwa mnaunguruma bila kwenda. Tafuteni kopo lililoandikwa JASO MA.

Limebaki jambo moja, nalo linatokana na yule dereva wa Noah. Mtu anayeamini jina peke yake ndiye windo la wachakachuaji. Wao hawaigi oili isiyojulikana. Wanatafuta kopo tupu la jina kubwa, wanalijaza oili chafu iliyochujwa, wanabandika kizibo. Kwa hiyo kopo lako likiisha usimwachie mtu pale gereji. Mimi langu hulitoboa kwa msumari matundu matatu, mbele ya fundi, kisha ndipo ninamlipa.