KITANDA AU FIMBO?



Katika Mwanzo 47:31 twasoma kwamba mzee Yakobo aliinama penye kichwa cha kitanda. Lakini Waebrania 11:21 yasema aliabudu akiegemea fimbo yake. Hata sisi jambo hili lilitutatiza. Je, Maandiko yapingana?

Zamani Kiebrania kiliandikwa kwa herufi 22, bila alama za irabu. Herufi M, T na H zaweza kusomwa “mitta”, yaani kitanda, au “matte”, yaani fimbo. Wayahudi waliofasiri Torati kwa Kiyunani, karne ya 3 kabla ya Kristo, walisoma fimbo, na Waraka ukafuata tafsiri hiyo. Karne nyingi baadaye, Wamasoreti wa Tiberia walitia vitone na vistari vya irabu kama walivyopokea kwa wazee wao: kitanda.

Ndugu, herufi peke yake ni bubu. Yahitaji sauti ya aliyefundishwa. Watoto wetu waiona Biblia mezani. Je, wamepata kutusikia tukiisoma?

Kitandani au fimboni, Yakobo katika udhaifu wake aliabudu. Nasi tufanye vivyo hivyo. Amina.