MAONI BAADA YA HABARI: Muuguzi wa Mpakani Naye Yuko Lindoni

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi maafisa na askari wa jeshi na polisi mnaolinda mpaka wetu wa magharibi, leo tuizungumzie Bwera, mahali ambapo wengi wenu mmepata kutumikia.

Mwezi wa Juni 2019 mtoto wa miaka 5 alivuka mpaka na jamaa zake kutoka Kongo, akafikishwa Hospitali ya Kagando akiwa mahututi. Wafanyakazi wa afya walishuku Ebola, wakamhamishia katika kituo cha kutibu maradhi hayo huko Bwera. Vipimo vilithibitisha shaka yao. Mtoto alifariki, lakini ugonjwa haukuenea nchini. Miaka minne baadaye, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wauaji waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na majeruhi wakapelekwa Hospitali hiyo hiyo ya Bwera. Ni dhahiri basi kwamba mpaka hulindwa kwa bunduki, na pia hulindwa kwa sindano na bendeji.

Hata hivyo, vituo vingi vya afya vijijini havina wauguzi wa kutosha. Sababu ni nini? Si kwamba watu hawapo. Kagando penyewe pana chuo cha wauguzi na wakunga, na nchini mwetu wako vijana wenye vyeti wanaozunguka na bahasha wakitafuta kazi. Upungufu uko katika fedha za mishahara na katika njia ndefu iliyopo kati ya cheti na wadi. Wilaya haina budi kwanza kupata idhini ya mshahara. Kisha nafasi itangazwe, waombaji wahojiwe, barua zitolewe, na jina liingizwe katika orodha ya malipo. Wakati huo wote mama mjamzito anateremka milimani Rwenzori kwa miguu.

Ndipo linapokuja wazo la kuwa na wakala wa kuajiri wauguzi na kuwapeleka vijijini. Wako wanaolicheka. Lakini mawakala wa ajira huwatafuta vijana wetu, wakawachuja na kuwasafirisha hadi nchi za Ghuba. Mwaka 2014 palikuwa na mpango wa kupeleka wafanyakazi wetu wa afya zaidi ya 200 Trinidad na Tobago, na jambo hilo likafikishwa mahakamani. Ikiwa muuguzi aweza kutafutiwa kazi ng'ambo ya bahari, kwa nini asitafutiwe kazi Bwera?

Jirani zetu wa Kenya walilijaribu jambo hili. Kuanzia mwaka 2006, chini ya mpango wa dharura uliogharimiwa na wafadhili wa nje, kazi ya kutangaza nafasi, kuchuja na kuhoji ilikabidhiwa kampuni binafsi. Wafanyakazi wa afya 830 waliajiriwa kwa mikataba ya miaka 3, kila mmoja akiomba kazi akijua kituo atakachopelekwa. Muda wa kuajiri ulipungua sana, ukawa miezi michache tu. Na kubwa zaidi, serikali ilikubali kuwapokea katika utumishi wake mikataba itakapokwisha.

Hapo ndipo penye kiini cha maoni yetu. Wakala anaweza kufupisha njia, lakini hawezi kuwa mwisho wa njia. Sisi wenyewe mwaka 2012, baada ya Bunge kukaza kamba juu ya bajeti, fedha zilitengwa ili kuajiri wafanyakazi wa afya zaidi ya 6,000 katika vituo vya daraja la tatu na la nne. Ilikuwa hatua njema. Lakini ninyi askari mnajua kwamba operesheni moja, hata ikifanikiwa namna gani, haifanyi kazi ya lindo la kila siku.

Askari hapelekwi kambini kwa barua peke yake. Hupangiwa mahali pa kulala, posho, kamanda wa kumwamuru, na zamu ya kupokelewa. Muuguzi wa kijijini naye apewe hayo manne. Apate nyumba karibu na kituo, maana mkunga huitwa usiku. Mshahara wake usichelewe, wala wakala asiukate kwa ajili ya faida yake. Awe chini ya amri ya mkuu wa wauguzi wa hospitali, si chini ya ofisi iliyoko Kampala, ili wadi moja isiwe na majeshi mawili. Na aandikiwe siku ya kuhamishwa au ya kuingizwa katika utumishi wa kudumu wenye pensheni. Bila hayo, mkataba ukiisha wadi itabaki tupu, na wakala atakuwa amelipwa.

Afande anayesikiliza akiwa kambini anayo familia mahali fulani, na huenda ni kijijini. Mkewe akishikwa na uchungu usiku, usalama wa nyumba ile umo mikononi mwa mkunga. Wanaopanga bajeti na wakumbuke kwamba huyo naye yuko lindoni, na lindo haliachwi wazi.