Doa si Mlango wa Maji: Kutafuta, Kukarabati na Kuzuia Uvujaji wa Paa

Leo tutazungumzia tatizo linalowasumbua watu wengi lakini ambalo aghalabu hushughulikiwa kwa pupa na kwa njia isiyo sahihi, nalo ni uvujaji wa maji kupitia paa la nyumba. Mfano wetu utakuwa ni Wadi Kabir, mtaa wa Muscat ulio jirani na Ruwi nchini Oman, nchi ambayo, kama mnavyojua, ina jamii kubwa ya wazungumzaji wa Kiswahili. Kuweni pamoja nami hadi mwisho.

Huenda msikilizaji akauliza: kwa nini Muscat, mji ambao kwa wastani hupata takriban milimita 100 tu za mvua kwa mwaka, ilhali kisiwa cha Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500? Jibu ni kwamba mahali penye mvua chache ndipo paa husahauliwa. Mwenye nyumba wa Unguja hukumbushwa habari za paa lake kila masika na kila vuli. Mwenye nyumba wa Muscat anaweza kupitisha miezi mingi bila ya kukumbushwa, kisha akakumbushwa kwa usiku mmoja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwezi Juni mwaka 2007, wakati kimbunga Gonu kilipoipiga pwani ya Oman na kuua takriban watu 50, na mabonde makavu yakageuka mito. Mwezi Oktoba mwaka 2021 kimbunga Shaheen nacho kiliingia nchi kavu katika pwani ya Batina, kaskazini magharibi mwa Muscat. Jina lenyewe la Wadi Kabir, yaani bonde kubwa, linatukumbusha kuwa maji yana njia zake, hata pale yanapokosekana kwa muda mrefu.

* * *

Wapenzi wasikilizaji, nyumba nyingi za Muscat zimejengwa kwa zege na zina paa bapa. Juu ya paa hilo hakukosekani matangi ya maji, mashine za viyoyozi, madishi ya televisheni, na mabomba ya kutolea hewa na moshi wa jikoni. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kimeshikiliwa kwa misumari au kina bomba linalotoboa zege. Na hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu: mara nyingi paa halivuji katikati ya uwanda wake, bali huvuja pale lilipotobolewa na pale linapokutana na kitu kingine, kama vile ukuta wa ukingoni, bomba au mlizamu.

Sababu kubwa ni jua. Wakati wa kiangazi uso wa paa la zege usiokingwa unaweza kufikia nyuzi joto 60 na zaidi, kisha ukapoa usiku. Zege likipata joto hutanuka, na likipoa husinyaa. Paa lenye urefu wa mita 20, joto lake likibadilika kwa nyuzi 40, hurefuka kwa takriban milimita 8. Kiasi hicho ni kidogo kwa macho, lakini kinatosha kupasua lipu kwenye kona ya ukuta au kulegeza saruji iliyozunguka bomba. Jua hilohilo hukausha lami iliyopakwa juu ya paa hadi ikakakamaa na kupasuka. Kwa hiyo nyufa ambazo mvua ya siku moja huzitumia, jua ndilo lililozitayarisha kwa miaka mingi.

Tatizo hili si geni kwa watu wa mwambao. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba nyingi za mawe zilijengwa kwanza kwa paa bapa la chokaa lililobebwa na boriti za mikoko, kwa mtindo wa Uarabuni. Mvua za Unguja hazikuuvumilia mtindo huo, na polepole wenye nyumba wakafunika mapaa hayo kwa mapaa ya mteremko na mabati. Lugha yetu nayo imehifadhi kumbukumbu hiyo. Neno "sakafu" limetokana na Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ni paa. Neno "mlizamu", yaani mfereji unaotoa maji ya mvua nje ya paa, nalo lina asili ya Kiarabu.

* * *

Naam wapenzi wasikilizaji, sasa na tuingie katika suala la kutafuta chanzo. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini kwanza yakupasa uujue ufa wenyewe. Tuchukue mfano wa familia inayoishi ghorofa ya juu katika jengo la Wadi Kabir, ambayo imeona doa la manjano kwenye dari ya chumba cha watoto. Fundi anaitwa, anakwangua doa, anapaka lipu na rangi, na baada ya miezi michache doa linarejea. Fundi huyo ameziba mahali maji yanapotokea, hakuziba mahali yanapoingilia. Maji yakishapenya chini ya lami husafiri juu ya zege kufuata mteremko, na huenda yakatokeza mita kadhaa mbali na tundu. Doa ni ushahidi tu. Si mlango wa maji.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: je, doa hulowa mvua inaponyesha tu, au hata wakati wa ukame? Katika mji kama Muscat swali hilo pekee huondoa nusu ya shaka. Ikiwa doa ni bichi ilhali hakuna mvua, basi chanzo kitakuwa ni tangi, bomba, bafu la jirani wa juu au kiyoyozi. Ili kulichunguza tangi, lifunge lisiingize wala kutoa maji usiku kucha, weka alama kwenye kina cha maji, kisha litazame asubuhi. Kina kikiwa kimepungua, tangi au bomba lake linavuja. Chunguza pia boya la tangi, kwani boya bovu huyaacha maji yafurike na kumwagika juu ya paa kila siku bila ya mtu kujua. Kisha fuata mrija wa kiyoyozi uone unamwaga wapi maji yake.

Kuna pia unyevu usiotokana na uvujaji wowote. Miezi ya joto hewa ya Muscat huwa na unyevu mwingi, na hewa hiyo ikigusa dari au ukuta uliopozwa na kiyoyozi hutoa matone. Bandika kipande cha plastiki juu ya sehemu yenye doa, ukaziba kingo zake zote kwa utepe, na ukiache kwa siku moja au mbili. Maji yakionekana upande wa chumbani, huo ni unyevu wa hewa. Yakionekana nyuma ya plastiki, maji yanatoka ndani ya zege au ukuta.

Ikiwa doa hulowa wakati wa mvua tu, panda juu ya paa. Anza kuchunguza pale palipo juu ya doa, kisha fuata mteremko kuelekea upande wa juu, ukikagua kila bomba, kila msumari na kila kona ya ukuta wa ukingoni. Baada ya hapo mwagia maji kwa mpira, sehemu moja baada ya nyingine, ukianzia chini na kupanda juu, huku mwenzako akiwa chumbani anatazama. Mpe kila mahali muda wa kutosha kabla ya kuhamia pengine. Ukimwagia paa zima kwa pamoja utajua tu kuwa linavuja, jambo ambalo tayari ulikuwa unalijua.

Baadhi ya mafundi huziba milizamu na kulijaza paa maji kwa siku moja au mbili. Jaribio hilo linafaa, lakini linahitaji tahadhari. Maji yenye kina cha sentimita 2 na nusu katika paa la mita mraba 100 yana uzito wa tani 2 na nusu. Lisifanywe kamwe kwenye paa lililobonyea au ambalo zege lake limeanza kumeguka.

* * *

Wapenzi wasikilizaji, kwa nini tunalisisitiza jambo hili kiasi hiki? Ni kwa sababu uharibifu mkubwa zaidi hauonekani. Ndani ya zege mna nondo za chuma, na katika miji ya pwani maji hubeba chumvi. Maji hayo yakizifikia nondo huzitia kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo. Hapo zege husukumwa kutoka ndani, hupasuka, na hatimaye vipande vyake huanguka juu ya vichwa vya wanaoishi chini yake. Kwa hiyo doa lenye rangi ya kutu, au ufa ulionyooka unaofuata mstari wa nondo, si jambo la fundi wa rangi bali la mhandisi. Na doa likiwa karibu na taa au waya, zima umeme wa chumba hicho kabla ya kufanya lolote.

Ama kuhusu ukarabati, kosa la kawaida ni kuziba ufa kwa saruji. Ufa hutanuka na kusinyaa kila siku, na saruji ni ngumu, hivyo hupasuka tena. Ufa usafishwe, upanuliwe kidogo, uondolewe vumbi, kisha ujazwe kijazio chenye kunyumbuka. Pale paa linapokutana na ukuta, kona ilainishwe kwa mteremko mdogo wa saruji, na karatasi ya lami ipandishwe ukutani kwa takriban sentimita 15, ncha yake ikafukiwa ndani ya mfuo uliochimbwa ukutani. Kila bomba livalishwe kola yake. Karatasi zipishane kwa takriban sentimita 10, ile ya upande wa juu ikilalia ile ya chini, ili maji yateleze yasipenye. Paa lenyewe liwe na mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye mlizamu.

Wasikilizaji wetu walioko Uingereza, Kanada au Marekani wanaijua hali hii kwa sura nyingine. Huko mlango wa maji mara nyingi huwa ni dohani, ambayo nayo ni kitu kinachotoboa paa. Maji huingia pale bati au risasi iliyozunguka shina la dohani ilipobanduka, kwenye kifuniko cha juu kilichopasuka, au kati ya matofali yaliyopoteza saruji yake. Utaratibu wa kutafuta ni uleule: mwagia maji kuanzia chini, panda polepole, usikimbilie kupaka dawa matofali yote.

Na kinga je? Lipande paa mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya tufani. Mjini Muscat wakati mwafaka ni kabla ya mvua za kipupwe, na pia kabla ya mwezi Mei, kwani vimbunga vya Bahari ya Arabuni huja zaidi kati ya Mei na Juni na kati ya Oktoba na Novemba. Afrika Mashariki iwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Fagia mchanga, majani na kinyesi cha ndege vinavyoziba milizamu. Mkataze fundi wa dishi au kiyoyozi kutoboa paa. Afunge mashine yake juu ya vitalu vilivyowekwa bila ya misumari. Lami ifunikwe kwa vigae au tabaka la kuzuia joto ili isichomwe na jua.

Lililo gumu zaidi huenda ni la kijamii. Katika jengo la familia nyingi, paa ni la wote, na kwa sababu hiyo huwa halina mwenyewe. Anayeishi chini haoni doa. Anayeishi juu hana ufunguo wa ngazi. Mwenye jengo yuko mbali. Afadhali wakubaliane mapema, wakati kungali kukavu, nani atashika ufunguo, nani atakagua na gharama italipwaje.