Kipimo Sokoni, Kipimo Jikoni: Kuoka Keki ya Matunda Nyumbani

(Mazungumzo na walaji wa Kariakoo na mitaa ya jirani, Dar es Salaam)



Leo tunazungumzia keki ya matunda ya sufuria, ambayo rojo lake la unga huumuka na kuyafunika matunda. Ni pishi jepesi lisilohitaji mayai wala mashine. Kabla ya kuwasha moto, tungependa kuanza na kisa kimoja.

Mama mmoja alitujia akiwa amekata tamaa. Alioka keki ya namna hii siku ya Idi, ikatoka nzito na mbichi katikati. Aliulaumu mkono wake, akarudia wiki iliyofuata, na kwa mara ya pili akapoteza unga, sukari na siagi. Tulipomwomba atuonyeshe vitu alivyotumia, akatoa bekin pauda iliyofungwa katika kikaratasi, isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe. Tulitia kijiko kimoja katika maji ya moto na hakuna povu lililotoka. Mkono wake haukuwa na kosa. Alikuwa ameuziwa bidhaa iliyokufa.

Hilo ndilo tunalotaka mlikumbuke: mara nyingi mlaji hujilaumu kwa kosa lililoanzia sokoni. Kwa hiyo tuanzie huko.

Matunda yanunuliwe kwa uzito pale inapowezekana. Fungu la embe hupendeza macho, lakini haliwezi kulinganishwa na fungu la jirani. Mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika, na mshale wake usimame kwenye sifuri kabla ya kuwekewa kitu. Embe dodo au bolibo liwe limeiva lakini bado gumu kidogo, kwani lililolegea huyeyuka motoni. Nje ya msimu wa maembe, nanasi la Kiwangwa hufaa sana, ilimradi lichujwe maji. Pichesi za Lushoto nazo hufaa zinapopatikana.

Unga wa ngano na bekin pauda vinunuliwe katika vifungashio vya kiwandani. Someni jina la mtengenezaji, uzito, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Unga wa kupimiwa kwa kopo unaweza kuwa wa bei nafuu, lakini ukiharibika hamtajua wa kumwuliza. Kisha dai risiti, hata kama ulichonunua ni kidogo.

Sasa twende jikoni. Tumieni kikombe kimoja cha robo lita kupimia kila kitu.

Mahitaji ni haya: embe kilo 1, ambazo zikimenywa na kuondolewa kokwa hubaki takriban nusu kilo, unga kikombe 1, maziwa kikombe 1, sukari kikombe 1, siagi gramu 100, bekin pauda vijiko vya chai 2, chumvi kidogo, iliki ya kusaga, na maji ya ndimu moja.

Kwanza, jaribuni bekin pauda kwa maji ya moto. Ikichemka kwa povu jingi papo hapo, ni nzima. Kateni embe vipande, changanyeni na ndimu pamoja na robo ya ile sukari. Yeyusheni siagi katika sufuria pana yenye kitako kizito, kisha epueni. Katika bakuli, changanyeni unga, sukari iliyobaki, bekin pauda, chumvi na iliki, mtie maziwa na kukoroga hadi mabonge yaishe. Mimineni rojo juu ya siagi, halafu pangeni matunda juu ya rojo. Msikoroge tena. Rojo litapanda lenyewe kati ya matunda na kuyafunika.

Wenye oveni waoke kwa nyuzi 180 za Selsiasi, dakika 40 hadi 45. Wenye jiko la mkaa waweke makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko bapa wa bati, kwani moto mkali wa chini huunguza sukari kabla unga haujaiva. Chomeni kijiti katikati. Kikitoka bila rojo bichi, keki imeiva. Iacheni ipoe dakika 15 kabla ya kupakua.

Hapa tunatoa onyo. Nyumba za zamani za Kariakoo zilikuwa na uani, na moshi ulipata pa kwenda. Leo wengi wetu tunaishi katika vyumba vya maghorofa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Msioke kwa mkaa katika chumba kilichofungwa, na msiingize ndani jiko lenye makaa ili lipoe humo. Asiye na nafasi ya wazi atumie oveni, au asubiri aoke kwa jamaa mwenye uani.

Mkibaini kasoro, msitupe ushahidi. Hifadhini kifungashio, bidhaa iliyobaki na risiti, mkaanze kwa muuzaji. Asipowasikiliza, malalamiko ya ubora yapelekeni Shirika la Viwango, ya mizani Wakala wa Vipimo, na ya udanganyifu katika biashara Tume ya Ushindani. Yule mama hakuweza kudai chochote, kwa sababu hakuwa na risiti wala jina la mtengenezaji. Alinunua kopo lenye tarehe, akaoka mara ya tatu, na safari hiyo keki ikaumuka.