Waranti Huanza Kuhesabiwa Lini?

Msikilizaji, mtu akienda kununua gari jipya huwa na maswali chungu nzima. Bei itapunguzwa? Lita moja ya mafuta inakwenda kilomita ngapi? Vipuri vyake vinapatikana? Akiambiwa kuna waranti ya miaka 3 au kilomita 100,000, huitikia kwa kichwa na kuendelea kubonyeza viti. Swali ambalo halimjii ni hili: hiyo miaka 3 inahesabiwa kuanzia siku gani?

Wengi wetu tungejibu kwamba inaanza siku ya kulipa. Wapo wanaohesabu tangu logbook itoke kwa jina lao, na wapo wanaotazama mwaka gari lilipoundwa. Lakini ukifungua vitabu vya waranti vya kampuni nyingi za magari, utakuta dhamana inaanza siku gari lilipokabidhiwa mnunuzi wa kwanza, au siku lilipoanza kutumika, lolote litakalotangulia. Na hapo penye kuanza kutumika ndipo watu wanapoumia, maana aliyeanza kulitumia huenda asiwe wewe.

Chukua gari la maonyesho. Kila siku linatolewa wateja walijaribu, jioni meneja anarudi nalo nyumbani, wikendi linaegeshwa mbele ya supamaketi watu walitazame. Baada ya miezi 8 linaoshwa, linapuliziwa manukato na kuuzwa kwa punguzo. Viti bado vina plastiki zake. Dashibodi inasoma kilomita 2,000 na ushei. Kwa mnunuzi hilo ni gari jipya. Kwenye kumbukumbu za kampuni iliyoliunda, gari liko kazini mwezi wa 8 sasa, na waranti ya miaka 3 imebaki miaka 2 na miezi 4. Sisemi usilinunue. Bei ikiwa nzuri hata mimi ningelichukua, ila ningetaka ile miezi 8 iingizwe kwenye mapatano ya bei, isifichwe chini ya manukato.

Waingereza nao wana mtindo wao. Mwezi ukikaribia kuisha na muuzaji hajafikisha idadi ya magari aliyopangiwa, huyasajili machache kwa jina la biashara yake mwenyewe. Kwenye hesabu yameuzwa, uwanjani bado yamesimama. Atakayeyanunua baadaye anakuta waranti ilianza siku ya usajili ule. Huko China mambo yamekwenda mbali zaidi: gari linasajiliwa likiwa halijatembea popote, kisha linauzwa kama mtumba, na mengine husafirishwa ng'ambo. Mei 2025, Wei Jianjun, mwenyekiti wa kampuni ya Great Wall Motor, aliuanika mchezo huo hadharani. Nayataja haya kwa sababu magari ya China yameanza kuzoeleka barabarani kwetu. Anayeagiza mwenyewe kupitia kwa dalali, bila kupita kwa wakala rasmi aliyeko Kenya, anaweza kupokea gari lililotembea kilomita 30 tu, na waranti ambayo ama ilianza zamani, ama haitambuliwi nje ya nchi lilikouzwa mara ya kwanza. (Wenzangu wa mitumba ya Japani, nyinyi hamna la kuuliza hapa. Gari la miaka 7 waranti yake ya kiwandani iliishia huko huko.)

Kuna na upande wa pili. Gari linaweza kukaa yadi mwaka mzima bila kuguswa, na waranti yake ikaanza kamili siku unayokabidhiwa. Hapo hujapunjwa hata siku moja. Lakini betri imekuwa ikizeeka pale pale juani, na matairi vilevile. Inama utazame ubavu wa tairi, utafute tarakimu 4 zinazofunga mfululizo unaoanza na herufi DOT. Ukiona 1523, tairi hilo liliundwa wiki ya 15 ya mwaka 2023. Matairi na betri mara nyingi huwa na dhamana zake mbali na ya gari, kwa hiyo uliza zinasemaje.

Sasa tuje kwenye matatu, kwa sababu hapa ndipo hesabu inapochafuka zaidi. Mwekezaji ananunua Isuzu NQR. Anachokabidhiwa ni kichwa na chesisi, basi. Anaipeleka kwa waunda bodi, na huko inakaa wiki kadhaa, pengine miezi: vyuma vinachomelewa, viti vinafungwa, spika zinapangwa toka mlangoni hadi nyuma, msanii anachora ubavuni. Pesa zikikwama, kazi nayo inalala. Kisha kuna ukaguzi, leseni ya uchukuzi wa umma kutoka NTSA, bima, na kuingizwa kwenye sacco. Siku inapobeba abiria wa kwanza, mwenyewe anajivunia gari jipya, na kwa macho ni jipya kweli. Lakini chesisi ilikabidhiwa lini? Kama mkataba hausemi vinginevyo, usishangae tarehe itakayotumika ikiwa ile ya siku chesisi ilipotoka kwa muuzaji.

Mtu atanipinga kwamba matatu inamaliza kilomita kabla ya miaka, kwa hiyo tarehe si kitu. Ni kweli, kwa waranti ya miaka 3. Matatu inayokimbia kilomita 250 kwa siku inafika 100,000 kwa siku 400, na miezi iliyolala kwa waunda bodi haitamuuma mtu. Lakini hati ikiwa ya mwaka 1, miezi 4 ya kuchomelea vyuma ni theluthi nzima imekwenda kabla ya makanga kuita abiria hata mmoja. Mwenye matatu ajadili jambo hili kabla ya kulipa, wakati muuzaji bado anamtaka. Aombe iandikwe kwamba hesabu itaanza gari litakapokamilika. Akikataliwa, angalau ajue ananunua nini.

Halafu bodi yenyewe ni ya aliyeiunda. Waranti ya kiwanda inahusu kilichotoka kiwandani: injini, giaboksi, ekseli na kadhalika. Paa likivuja au kiti kikang'oka, huna pa kumshika mwenye kiwanda, kwa hiyo muunda bodi naye atoe dhamana yake kwa maandishi. Na fundi wa muziki akikata nyaya za kiwandani ili apate umeme wa skrini na taa za rangi, siku mfumo wa umeme utakapogoma muuzaji atazionyesha nyaya zile kabla hujamaliza kueleza shida.

Kwa bodaboda shida huwa ni karatasi. Pikipiki ya mkopo inapita mikono mingi kabla ya kumfikia kijana atakayeipanda: muuzaji, mkopeshaji, mtu wa bima, mtu wa namba. Kitabu cha waranti kinakuja mwisho, kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na ufunguo wa akiba. Kuna ukurasa wenye nafasi za namba ya chesisi, namba ya injini, tarehe ya kukabidhi, kilomita, sahihi na muhuri. Mara nyingine nafasi zote ziko tupu, na ukiuliza unaambiwa, "Hiyo tutajaza baadaye, boss." Kataa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ukurasa mtupu hujazwa na yule anayeshika kalamu siku ya ugomvi. Na zile sevisi za mwanzo zilizoorodheshwa humo zifanywe kwa wakati na zigongwe muhuri, maana ukizikosa unampa muuzaji sababu ya kukugeuzia mgongo.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Ukiuza gari kabla waranti haijaisha, kwa kawaida anayenunua anarithi kilichobaki tu, haianzi upya kwa jina lake. Kipuri kilichobadilishwa ndani ya waranti nacho mara nyingi hulindwa mpaka pale ya gari inapoishia. Ukiuziwa nyongeza ya miaka 2, uliza inahesabiwa tangu leo au tangu siku ile ile ya kwanza. Na gari likikaa gereji mwezi mzima likingoja kipuri, hesabu kwa kawaida haisimami. Huko California, Marekani, sheria humrudishia mnunuzi siku ambazo bidhaa yake ilikuwa kwa fundi. Hiyo ni haki tupu, na ningependa kuiona kwenye vitabu vya waranti vinavyotolewa hapa nyumbani.

Basi msikilizaji, ukienda kuchukua gari au pikipiki wiki hii, mwambie muuzaji afungue kompyuta yake, aingize namba ya chesisi, na akuonyeshe tarehe ya kuanza kwa waranti iliyorekodiwa humo. Ilinganishe na iliyo kwenye kitabu, kisha upige picha zote mbili. Zikitofautiana, usitie sahihi ya kupokea mpaka tarehe irekebishwe au bei ishuke. Na kama ulishachukua, ukaja kugundua baadaye kwamba umepunjwa, anza kwa barua kwa muuzaji na ubaki na nakala. Asiposikia, madai yasiyozidi shilingi milioni 1 unaweza kuyapeleka Mahakama ya Madai Madogo, ukajiwakilisha mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.