Anunue kwa Uzuri wa Kitu, Si kwa Huruma

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba na wafadhili, Mikelenge, baada ya soko la kazi za mikono



Mlituomba tueleze namna vikundi viliuza kwa mara ya kwanza kwenye soko la kazi za mikono hapa mjini. Tutasema kwa ufupi, juu jua linapanda na kuko wenye wameacha watoto nyumbani.

Tuanze na safari ya vitu vyenyewe. Kindu yetu iko na komine tatu: Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na Alunguli iko ng'ambo ya Lualaba. Vitunga vya kekele vilivuka mto kwa mtumbwi. Mikeka ilikuja kichwani na kwa pikipiki. Vinu vya kutwangia sombe, vile vyenye uzito, vilisukumwa juu ya kinga. Mbele ya kuuza hata kitu kimoja, franga zilikuwa zimekwisha kutoka: za mtumbwi, za pikipiki, za nafasi ya kuuzia. Franga hizo ni sehemu ya bei. Mwenye kuzisahau anauza usingizi wake bure.

Tuliandika hesabu ubaoni pamoja nanyi, kwa mfano tu. Mkeka mmoja: majani 4.000, rangi 2.000, usafiri na nafasi 2.000. Hiyo ni 8.000. Mama ameusuka siku nne. Akiuuza 10.000, anabaki na 2.000, ni kusema 500 kwa siku moja ya mgongo kuuma. Akiuuza 16.000, siku yake inakuwa ya 2.000.

Hapo mama mmoja alisimama akasema: «Hesabu ni nzuri, lakini mtoto wangu anafukuzwa masomo Jumatatu. Afazali 10.000 ya leo kuliko 16.000 ya ndoto.» Hatukumcheka. Shida yake ni ya kweli, na soko linajua kunusa shida ya muuzaji. Mnunuzi akiona macho yako yanakimbia, anashusha bei tena.

Ndiyo maana tulikubaliana hivi. Kila kitu kina bei ya chini, imeandikwa kwenye kartoni, na hakuna mwenye kushuka pale. Mwenye haraka ya franga anakopa kwenye kasha ya kijani ya MUSO, halafu analipa kitu chake kikiuzwa. Kasha nyekundu haiguswi kwa biashara: ile ni ya ugonjwa na matanga. Na kasha ya buluu, yenye kupokea franga za kutoka inje, tunaongea na wafadhili namna ya kuitumia. Mama yule alikopa, mtoto akabaki masomoni, mkeka ukangoja bei yake.

Sasa jambo lenye lilituumiza kichwa. Siku ya kwanza tulitundika kitambaa kilichoandikwa «Kazi ya waliorudi». Mgeni mmoja alisoma, akatoa franga nyingi kupita bei, akaacha mkeka palepale mezani, akaenda. Siku ya pili mama muuza mchele wa hapa Mikelenge alikuja. Aligeuza kitunga chini juu, akavuta mkono wake, akabishana bei mpaka tukachoka, akaondoka. Saa moja baadaye akarudi, akachukua viwili.

Mama mwenye kuuza alituambia: «Yule wa kwanza alinunua vita yangu. Huyu amenunua kitunga changu.»

Tunajua si wote wanakubali. Baba mmoja alijibu: «Franga ni franga. Hata ya huruma inanunua chumvi.» Ni kweli. Lakini huruma hairudi mwezi ujao kuuliza kama kuko kitunga kingine. Na tena, jirani wenye walibaki hapa Kindu wakati wa vita, wenye hawakupata njia ya kukimbia, nao walilala njaa, nao wanasuka. Wakisoma kitambaa kile, wanauliza: na sisi, kazi yetu ni ya nani? Tunaishi nao lupango moja. Tunateka maji nao.

Kwa hiyo maombi yetu ni mawili. Kwanza, kitambaa kiandike aina ya kitu na komine chenye kimetoka, basi. Pili, meza yetu ifunguliwe kwa jirani wenye kutaka kuuza nasi, wakilipa sehemu yao. Hili bado halijakatwa. Ni ninyi wanamemba mtalipigia kura.

Kwenu wafadhili: tafadhali msinunue mabaki yote ili kutufurahisha. Mikeka mikubwa ilirudi kwa sababu watu walitafuta midogo, na hilo ni fundisho lenye tunalihitaji. Mkitaka kusaidia, saidieni turubai ya mvua na mtumbwi wa pamoja. Na kama ofisi zenu zinahitaji viti vya kekele, agizeni mapema, mje mvikague, na kibovu mkikatae.

Kwenu wababa: mmoja wenu aliuliza kama mama anaweza kutia sahihi kupokea franga za mauzo. Tangu 2016, Sheria ya Familia haimlazimishi tena mke kuomba ruhusa ya mume. Inataka wawili wapatane. Basi mpatane nyumbani, mbele ya franga kufika, si baada ya franga kuleta kelele.

Kasha litafunguliwa Jumamosi mbele ya wote, na kura itapigwa siku ile ile. Kila mmoja aje na kitabu chake.