Karema, Kongo na Watu Waliouzwa

Karema leo inasikika zaidi kwa bandari yake, ile iliyojengwa ili mizigo ivuke Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie na Moba, upande wa Kongo. Zamani mizigo ilivuka ikitoka upande ule kuja huku: pembe za ndovu za Manyema na Marungu, pamoja na watu waliotekwa, wakiswagwa kuelekea Tabora na hatimaye pwani.

Mwaka 1879 kapteni wa Kibelgiji, Ernest Cambier, alianza kujenga ngome hapo Karema kwa niaba ya jumuiya iliyoundwa na Mfalme Leopold wa Pili. Dunia iliambiwa kwamba vituo vya namna hiyo vingesaidia wasafiri na kukomesha biashara ya watumwa.

Afrika ilikwishasikia ahadi tamu kabla ya hapo. Karibu miaka 400 nyuma, Mreno Diogo Cão alifika mlangoni mwa Mto Kongo, na mwaka 1491 mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, akabatizwa. Mwanawe Mvemba a Nzinga, maarufu kwa jina la Afonso, aliishika dini ile kwa moyo wote. Alifungua shule, akampeleka mwanawe Henrique kusoma Ureno hadi akawa askofu.

Lakini mashamba ya miwa ya kisiwa cha São Tomé yalitaka vibarua wasiolipwa. Mwaka 1526 Afonso alimwandikia Mfalme João wa Tatu wa Ureno, akilalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata hata raia huru, watoto wa wakuu na jamaa zake mwenyewe. Aliomba aletewe mapadri na walimu, na divai na unga wa ibada, basi. Mwaka huohuo akateua maofisa watatu wa kumchunguza kila mtu anayenunuliwa, ijulikane kama ni mateka halali au raia.

Mateka halali! Neno hilo linauma, wala halifai kufichwa: Afonso mwenyewe aliruhusu mateka wa vita kuuzwa. Alichopigania ni mpaka kati ya anayeuzika na asiyeuzika, na mpaka huo haukulindika, kwa sababu raia wake nao walishaonja bidhaa za Wareno.

Huku Karema, ngome ya Leopold ilikabidhiwa mwaka 1885 kwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe. Mwaka huohuo Leopold akatambuliwa kuwa mwenye Dola Huru ya Kongo. Mfalme aliyejitangaza mkombozi akawalazimisha watu wa ng'ambo ya ziwa kugema mpira kwa mijeledi na bunduki, na mamilioni wakafa.

Mapadri wa Karema, kwa upande wao, walikomboa watoto kwa kuwanunua. Padri aliyelipa kwa nguo ili mtoto asipelekwe Tabora alimwokoa kweli mtoto yule. Mfanyabiashara naye aliondoka na mtaji wa kwenda kuteka wengine. Mambo yote mawili ni kweli, na mwenye kusimulia historia ya ziwa hili anapaswa kuyasema yote mawili.

Yupo mmoja aliyeyajua hayo mwilini mwake. Adrien Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akavushwa Jangwa la Sahara hadi Algeria, ambako mapadri walimnunua. Walimsomesha udaktari kisiwani Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema akiwa tabibu na katekista. Akaoa hapo, akatibu watu kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956.

Atiman aliacha masimulizi ya maisha yake kwa maneno yake mwenyewe. Wanafunzi wa Mpanda wanasoma habari za Bagamoyo na Zanzibar, na ni vyema. Wapewe na za Atiman pia, kwa Kiswahili, darasani, kwa kuwa mzee huyo aliishi na kufia Karema, mkoani kwao.